Maximilian Kovachevichi na Kofia ya Babu Yake

Imetangazwa, na tangazo likasomwa mara mbili ili wasiosikia mara ya kwanza wakose kisingizio, kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayepotea. Kila barabara, hata ile ambayo mpaka juzi ilikuwa njia ya ng'ombe, itapewa jina. Jina hilo litatokana na historia ya kweli ya mahali husika, litaandikwa kwenye bango, litaingizwa kwenye mfumo, na mgeni akifika hatalazimika kumuuliza mtu. Majina ya mitaani, yale ya "kwa Mama Fulani" na "pale palipokuwa na mashine", yakome mara moja.

Hakuna aliyekumbuka mtu yeyote kupotea Idete. Upande huu kuna mpunga, upande ule kuna mahindi, katikati kuna watu, na watu wenyewe wanajuana kuliko inavyofaa. Lakini tangazo ni tangazo. Wananchi walipiga makofi, kisha wakaenda kuwahi jembe kabla jua halijawa kali.

Mmoja tu alilipokea tangazo hilo kama mtu aliyekuwa akilisubiri tangu siku ya ubatizo wake. Huyo ni Maximilian Kovachevichi.

Maximilian alikuwa karani wa mizani kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga mjini Ifakara. Kazi yake ilikuwa kuangalia mshale ukisimama, kutoa uzito wa gunia, na kutaja kilichobaki kwa sauti ya kuchoka. Alifanya hivyo mpaka akafikisha umri wa kustaafu, na katika miaka yote hiyo alijifunza jambo moja kubwa, nalo ni kuzungumza polepole na watu waliobeba mizigo. Alipostaafu alirudi Idete na kiti cha plastiki, simu kubwa ya kugusa, na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema neno, kama redio inayotafuta stesheni.

Jina la Kovachevichi halitoki Ulanga wala Mahenge, walikotoka wazee wake. Halitoki popote ambapo mtu wa Idete amewahi kufika. Baba yake, marehemu Sebastiani, aliitwa hivyo na watu, naye alipompeleka Maximilian kuanza shule mwalimu akaandika alichosikia. Kwa ajili ya herufi mwalimu huyo alikwenda kunakili kwenye msalaba wa chuma uliokuwa kwenye kaburi la Mzungu mmoja, mpima ardhi, aliyekufa kwa homa karibu na mto. Msalaba ule na kaburi lenyewe vilichukuliwa na mafuriko zamani. Jina likabaki kwa akina Maximilian. Wenzake shuleni walimwita Mzungu, kisha kijiji kizima, na jina hilo halikumkera hata kidogo, jambo ambalo lingepaswa kuwashtua walimu wake mapema.

Mtu akistaafu hupewa na Mungu vitu viwili, maumivu ya mgongo na nafasi. Maximilian alipewa nafasi nyingi zaidi. Akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki aliandika jina lake kwenye simu kuona litaleta nini, na simu ikamletea Balkani. Kumbe kulikuwa na kundi zima mtandaoni la watu wanaotafuta mizizi ya koo zao kule: watu wa Kanada, wa Australia, wa Ajentina, kila mmoja na picha ya babu mwenye masharubu. Maximilian alisoma habari zao kwa kutumia tafsiri ya simu, ambayo humgeuza babu kuwa mbuzi na mbuzi kuwa mkuu wa wilaya, lakini maana ya jumla aliipata. Na maana ya jumla ilikuwa kwamba katika kundi lile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyetokana na mchunga nguruwe. Wote walitokana na makabaila. Inaelekea nguruwe wa Balkani walikuwa wakijichunga wenyewe.

Haukupita muda mrefu akawa mwalimu.

"Mama Leticia," alimwambia mkewe, Edna, aliyekuwa anapepeta mchele uani, "unajua kwamba majina yanayoishia na -ichi ni ya Waserbia, Wakroatia na Wabosnia? Yanayoishia na -ovu ni ya Wabulgaria. Na -esku ni Waromania. Ukisikia -pulosi, huyo ni Mgiriki moja kwa moja, usihangaike."

"Na wanaoishia kwenye kiti?" aliuliza Edna. "Maana kuni zimekwisha tangu asubuhi."

"Ile -ichi maana yake ni mtoto wa. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa Kovache."

"Wewe ni mtoto wa Sebastiani. Nenda kaniletee kuni."

Hakwenda. Alikuwa amempata kwenye kundi lile mama mmoja wa mji wa Novi Sad, Bi Dragana, mtaalamu wa majina ya koo, na alikuwa akimwandikia swali lenye sehemu tatu: je, ukoo wa Kovachevichi ulikuwa na nembo, je, ulikuwa na ngome, na kama ngome ipo, nani anakaa humo kwa sasa?

Bi Dragana alijibu kwa adabu ya mtu aliyekwisha kujibu maswali kama hayo mara nyingi. Alisema jina hilo linatokana na mhunzi. Kila kijiji cha kule kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi alikuwa na watoto, kwa hiyo Kovachevichi wamejaa nchi nzima wala hawana uhusiano wowote, kama vile watu wote walioitwa watoto wa mwalimu wasivyokuwa ndugu. Nembo hakuna. Ngome hakuna. Kisha akampa ushauri ambao, alisema, humpa kila mtu anayeanza: kabla ya kuuliza nyaraka za mbali, nenda kwa mtu mzee kuliko wote katika familia yako aliye hai, kaa naye chini, muulize alichokiona.

Maximilian alisoma ushauri ule, akaufuta.

"Wazungu ni watu wema," alimwambia Edna, "ila hawaelewi mazingira yetu."

Mtu mzee kuliko wote katika familia yake aliye hai alikuwa shangazi yake, Paskazia, mdogo wake marehemu Sebastiani. Alikaa nyuma ya nyumba ya Maximilian, ng'ambo ya mfereji wa maji ya bustani, mfereji ambao kuku huuvuka bila kukunja miguu. Alikuwa mama wa miaka themanini, magoti mabovu, macho mazima, hakosi misa ya kwanza Jumapili. Maximilian alikuwa amefika Novi Sad kwa simu. Ng'ambo ya mfereji hakuwa na haja ya kwenda.

Ushahidi alikuwa nao wa kutosha. Kwanza pua. Pua ya Maximilian ni pua ya kawaida, lakini akijitazama kwenye kioo cha simu kwa ubavu, akiinua kidevu, aliiona Ulaya. Pili ni jina. Tatu, na huu ndio aliouita ushahidi wa macho, ni maziko ya babu yake, Gasper, mume wa Bibi Scolastica. Maximilian alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Aliona kwa macho yake mtu mzima amevaa kofia ngumu ya kizungu, ile nyeupe ya wakoloni, amesimama ukingoni mwa kaburi, akitoa amri kwa lugha isiyoeleweka huku akitazama mbali kwa ngumi mbili zilizounganishwa mfano wa darubini. Watu wazima walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Mtoto yule hakuuliza kitu. Alilihifadhi tukio lile miaka hamsini na ushee, likaiva vibaya, na alipolitoa lilikuwa limeshakuwa heshima za mwisho za kimila kwa damu ya Kizungu iliyomo katika ukoo.

Kutoka hapo hitimisho lilikuja lenyewe. Mpima ardhi alikuwepo. Bibi Scolastica alikuwepo. Baba yake, Sebastiani, alikuwa na weupe kidogo, hasa akisimama karibu na watu weusi zaidi. Basi Gasper, mtu aliyemlea Sebastiani, akamsomesha na kumwachia shamba, alifutwa kwenye ukoo bila hata barua ya kuachishwa kazi, na mpima ardhi akateuliwa kuwa babu.

Wapo watu ambao ukiwaambia bibi yao alitoka nje ya ndoa watakukaba shati. Maximilian aliliandika jambo hilo mwenyewe, kwa raha, akaenda Ifakara kulichapisha, akaagiza na nakala za ziada. Lilikuwa andiko la kurasa kadhaa, nalo lingesomwa kwenye mkutano wa kitongoji wa kupitisha majina. Pendekezo lake lilikuwa kwamba njia inayotoka shuleni, ikapita mlangoni kwake, ikaishia mashambani, iitwe Barabara ya Kovachevichi.

Edna aliisoma nakala moja akiwa amesimama. Alipofika kwenye "mapenzi yaliyovuka mipaka ya rangi" aliikunja, akaiweka kwenye ungo, akavuka mfereji.

Paskazia alikuwa anakaanga mpunga mbichi wa kutwanga kuwa pepeta, ile ya kutafuna, na kazi hiyo haitaki mtu ageuke, kwa hiyo Edna alimsomea akiwa nyuma yake. Paskazia alikoroga mpaka mwisho. Kisha aliepua chungu, akajifuta mikono, akatafuta fimbo yake.

Alimkuta Maximilian kwenye kiti.

"Shikamoo, shangazi. Karibu. Leo umekuja mwenyewe!"

"Marahaba. Nimeambiwa umemwandika mama yangu."

"Nimemwandika vizuri sana. Utafurahi."

"Umeandika amelala na nani?"

Maximilian alikohoa. "Neno hilo sijalitumia, shangazi. Nimeandika walishirikiana maisha."

"Na baba yangu alikuwa wapi wakati wenzake wanashirikiana?"

"Haya mambo ya asili za koo ni sayansi. Wenzetu huko Balkani..."

"Mimi siko Balkani, niko hapa. Mama yangu alifunga ndoa kanisani. Tumemzika na rozari mkononi. Unataka kumsimamisha mbele za watu, hata wanaokuja tu kusikiliza, uwaambie alizaa nje? Mimi nitapita wapi kwenda kanisani? Usimsome, Maximilian. Nakuomba."

"Lakini si aibu, shangazi. Siku hizi watu wanajivunia."

"Kama si aibu mwandike mama yako."

Maximilian alieleza kwamba mama yake mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa Mndamba wa Mngeta, mtoto wa mvuvi, na kwa bahati mbaya hakuwa na historia.

Paskazia aliegemea fimbo yake. "Sikiliza. Huyo kaka yangu Sebastiani, wakati yule Mzungu..."

"Shangazi," Maximilian alisema polepole, kama anavyosema na mtu aliyebeba gunia, "kumbukumbu za mdomo zina kasoro zake. Nitakupa nakala."

"Nitakuja mkutanoni," alisema Paskazia, na akaondoka bila nakala.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio, hali inayosaidia sana kufupisha mijadala. Mbele alikaa mwenyekiti wa kitongoji, Amedeus, mtu mwenye msemo mmoja tu wa uongozi, nao ni "tuokoe muda". Muda wote ambao Amedeus ameokoa tangu achaguliwe haijulikani umewekwa wapi.

Maximilian alisoma akiwa amesimama, amevaa koti. Ukurasa wa kwanza ulimhusu baba yake: marehemu Sebastiani, aliyezaliwa mwaka 1938, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa. Ukurasa wa pili ulihusu falme za Balkani, vita vyao, tena vita vyao vingine, na miisho ya majina. Hapo Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja kuhakikisha njia ya ng'ombe wake haipewi jina la mtu atakayeidai, alilala. Ukurasa wa tatu ulimleta bondeni mpima ardhi Kovachevichi, mkimbizi wa vita aliyeajiriwa na Waingereza kupima mto, mwaka 1955, akiwa na darubini ya miguu mitatu. Halafu ndipo akatajwa Scolastica. Halafu mapenzi. Halafu mipaka ya rangi. Mwisho ikaja kofia ya mazikoni, ushahidi wa macho.

Paskazia aliketi dawati la mbele. Wanawake waliokuwa karibu naye walianza kuchunguza kucha zao. Nyuma kuna mtu alipiga mluzi mfupi. Paskazia hakugeuka. Aliushika ukingo wa dawati kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki.

"Ahsante sana Mzee Kovachevichi kwa utafiti," alisema Amedeus. "Historia tumeisikia. Wanaoafiki wanyooshe mikono, tuokoe muda."

Mikono ilianza kunyooka. Watu wa Idete hawana ugomvi na historia, mradi iishe kabla ya chakula.

"Mwenyekiti, mimi sijaafiki," alisema mtu mlangoni.

Aliyesema ni Eustaki, mzee wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wa Gasper tangu wazee wa pande zote mbili wapo Mahenge. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga. Mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana: anaweza kukutukana msibani ukamshukuru, akachukua kuku wako ukamshikia mlango. Ndiyo maana Amedeus aliposema "Mzee Eustaki, muda", Eustaki hakumwona kabisa.

"Mtumwa wangu Maximilian," alisema, "shikamoo."

"Mimi nawe nani mkubwa?" alisema Maximilian, kwa kujilazimisha, maana utani usipoujibu umeshindwa.

"Namsalimia Mzungu, si wewe. Wewe nakujua, nilikuona ukikojoa kitandani. Haya, umesema ulimwona mtu kaburini kwa babu yako amevaa kofia ya kizungu. Unamjua ni nani?"

"Sikumtambua. Nadhani alikuwa mwakilishi."

"Mwakilishi! Alikuwa baba yangu mzazi. Na kofia ni hii."

Akafungua kanga. Ilikuwa kofia ya kikoloni iliyopasuka ukingo, rangi ya chai ya maziwa, ndani ina majani makavu na unyoya mmoja. "Samahani kwa majani," alisema Eustaki. "Kuna tetea anatagia."

Maximilian alikuwa ameitafuta kofia ile kwa miaka. Aliwahi hata kuieleza mtandaoni, na mtu wa Ajentina akamwambia huenda iko kwenye jumba la makumbusho.

Eustaki alieleza, na kwa kuwa kila mtu wa Idete anajua mtani hufanya nini msibani, hakuhitaji kueleza sana. Yule mpima ardhi alikuwa mtu wa kelele. Gasper alikuwa mbeba darubini wake, na kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kumwigiza. Mzungu akipiga kelele, Gasper anapiga kelele zaidi, kwa lugha ileile ya kubuni, na Mzungu anacheka mpaka anakaa chini. Watu wakasema hawa ni watani. Mzungu akafa kwa homa, hana mama, hana ndugu, hana mtu wa kumlilia. Wazee wakasema maziko gani haya yasiyo na mtani? Basi Gasper akaingia kazini. Akavaa kofia ya marehemu, akasimamisha darubini juu ya kaburi, akawaamuru wachimbaji walisogeze kaburi zima kidogo kushoto. Kisha akaingia mwenyewe shimoni, akalala, akasema hatoki mpaka apewe kopo la jamu la marehemu. Padri alianza kwa kukasirika, akamalizia kwa kugeukia ukutani, na pale hapakuwa na ukuta.

"Akapewa kopo, akatoka," alisema Eustaki. "Tangu siku ile tukamwita Kovache. Alikuwa ameuigiza mwili wa mtu mpaka jina likamng'ang'ania. Na yeye alipokufa, baba yangu, mtani wake, alimwigiza vipi? Kwa kumwigiza akimwigiza Mzungu. Ndicho ulichokiona, mtumwa wangu. Kofia tukaichukua, haki yetu. Wewe ukachukua jina la mchezo ukaenda kulitafutia ngome."

Darasa lilicheka, na kicheko cha watu waliokunjwa kwenye madawati madogo hutoka na sauti ya pekee. Maximilian alisubiri kiishe. Alikohoa.

"Haya ni masimulizi ya watani," alisema. "Kofia ni kofia. Haikanushi kwamba Bibi Scolastica..."

"Mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya Paskazia. Alijishika kwenye dawati akainuka, na kuinuka huko kulichukua muda ambao Amedeus hakuthubutu kuuokoa. "Nina swali kwa mwanangu. Baba yako alizaliwa mwaka gani?"

"Shangazi, nimesoma. Elfu moja mia tisa thelathini na nane."

"Na Mzungu wako alikuja mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa hamsini na..."

Alitazama ukurasa wa kwanza, akatazama wa tatu. Katikati zilikuwepo falme za Balkani na vita vyake vyote, lakini hata hizo hazikutosha. Mtu huyu alikuwa ametumia ujana na utu uzima wake kutoa uzito wa gunia kwenye uzito wa mpunga.

"Kaka yangu alikuwa anakata nyasi za kuezekea," alisema Paskazia, "alipomwona huyo Mzungu mara ya kwanza. Nilikuwepo. Alikuwa anaota ndevu."

Shilinde alikuwa ameamshwa na kicheko na sasa alifuatilia kwa makini. "Kumbe kule kwao," alisema, "mtoto anatangulia, baba anafuata baadaye na darubini."

Sasa hata wanawake waliokuwa wanachunguza kucha walilalia madawati kwa kicheko. Eustaki alikwenda taratibu, akamvua Maximilian miwani yake, akaivaa yeye, akainua kidevu, akageuza pua ubavu ili wote waione, akasema kwa upole wa kutisha, "Mama Leticia, unajua kwamba wanaoishia na -ichi..." Edna, aliyekaa karibu na dirisha, alitoka nje kabisa.

Maximilian aliketi. Inasemekana alikuwa na macho ya kulia, na wapo waliomwonea huruma. Huruma hiyo ingekuwa na mahali pa kukaa kama angegeuka japo mara moja kumtazama shangazi yake. Alichofanya ni kupanga kurasa zake upya, kana kwamba kosa lilikuwa la mpangilio.

Paskazia peke yake hakuwa amecheka. Aliendelea kusimama mpaka darasa likatulia.

"Mama yangu mmemsikia akitajwa hapa," alisema. "Mmemsikia wote, na nusu yenu mlinyoosha mikono. Mkirudi nyumbani mtasimulia vichekesho, na ndani ya kichekesho mama yangu atakuwemo, na mtoto ambaye hakuwepo hapa atasikia nusu. Mmemtaja kwa ubaya hadharani. Mtajeni kwa wema hadharani. Barabara iandikeni jina lake."

"Barabara ya...?" aliuliza Amedeus.

"Scolastica. Mke wa Gasper Lipindi. Njia hiyo aliifyeka yeye na mume wake kwa panga, wakati ninyi nyote mko matumboni."

Amedeus alitazama saa. Harufu ya wali ilikuwa inasikika mpaka darasani. "Wanaoafiki," alisema, na mikono ileile iliyokuwa imenyooshwa kwa ajili ya Kovachevichi ilinyooshwa kwa ajili ya Scolastica, kwa moyo uleule. Wa kwanza kunyoosha ni Eustaki, akiwa bado na miwani ya watu. Maximilian alinyoosha wa mwisho, baada ya Paskazia kumgeukia.

Kesho yake, Paskazia hakutaka nakala wala kuombwa radhi kwa maneno. Alimpa mpwa wake fyekeo, akamwonyesha makaburi. Maximilian alifyeka kaburi la Scolastica, na la Gasper, akiwa na koti. Alifyeka vibaya, akarudishwa. Edna anasema alirudi jioni akakaa kwenye kiti kwa muda mrefu bila simu, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu astaafu alileta kuni bila kutumwa. Edna ni mke, ana haki ya kutafuta la kusifia. Kwa upande wa simu, taarifa ni kwamba ukimya wake haukudumu. Baada ya mavuno alijiunga na kundi jingine, akiwa na swali lenye sehemu tatu: je, jina la Scolastica, ambalo kwa asili ni la Italia, linaweza kuwa ushahidi wa jambo fulani?

Kofia ilirudi kwa tetea.

Bango lilifika kabla ya mvua, la bluu, limenyooka, limeandikwa BARABARA YA SCOLASTICA kwa herufi nyeupe. Paskazia alilifuta vumbi kwa upindo wa kanga siku liliposimikwa, na husimama kulitazama kila anapopita. Jina limeingizwa kwenye mfumo.

Jumapili iliyopita magoti yalimkataa, akampigia simu kijana wa bodaboda ampeleke misa ya kwanza.

"Nikufuate wapi, bibi?"

"Barabara ya Scolastica."

"Ndiyo wapi hiyo?"

Paskazia aliitazama njia.

"Haya," alisema, "njoo kwa Mzungu."

Kijana alifika mara moja.